Salongo ya Kilima Kipara

Mama Ntumba hajawahi kupokea mgeni kwenye lupango chafu, yaani ua wa nyumba yake. Hilo avenyu yetu nzima inalijua, na asiyelijua basi amehamia jana. Asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, kabla Tata Tshimanga mume wake hajashusha mguu kitandani, fagio limeshapita kuanzia mlango wa jikoni mpaka getini, na udongo wa uani unabaki na mistari kama kichwa kilichotoka kusukwa. Jani likithubutu kuota humo linang'olewa kabla halijajua limezaliwa kwa nani.

"Majani inaletaka nyoka," anasema. "Na kama haikuleta nyoka, inaleta midomo ya bantu."

Midomo ya watu anaijua vizuri, maana sehemu kubwa ya midomo ya Kolwezi inapitia barazani pake. Hapo hapakosi wa kunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, hapakosi wa kuchaji simu, hapakosi wa kuuliza nani ameolewa na nani amerudishwa kwao. Ndiyo sababu Malaika alipohitaji watu hakwenda mbali. Alivuka barabara tu.

Malaika ni binti wa Tata Hamadi, yule mwenye lori la kijani, watu wa asili ya Maniema. Alisomea kilimo Lubumbashi, akarudi na diploma yake, na sisi sote tukangoja kuona ofisi gani itamchukua, yenye kiyoyozi cha namna gani. Akapewa kilima. Kilima Kipara, kule kwenye barabara ya Nzilo. Tulicheka, tusidanganyane. Kilima hicho hakina mti hata mmoja. Pori linapanda kutoka bondeni, miti mikubwa kwa midogo, halafu ghafla linasimama, kana kwamba mtu ameliambia: mwisho wako hapa. Juu ni mawe yenye kutu ya kijani na majani mafupi, basi. Ni shaba iliyo ndani ya udongo. Miti inaionja na kukataa.

Lakini kuna mimea inayoitaka hiyo shaba. Kuna ua dogo la buluu lenye harufu kama ya dawa ya kikohozi, ambalo wachimbaji wa zamani walikuwa wakilifuata ili wajue pa kupiga jembe. Kuna vitunguu vya porini vinavyotoa maua ya zambarau. Mingine haioti popote duniani ila kwenye vilima vyetu hivi. Ng'ambo ya mji kilima kimoja cha namna hiyo kilikuwa kinakwenda kuchimbwa chote, kiwe shimo. Kabla mashine hazijaingia, Malaika na wafanyakazi wake waliikata ngozi ya kile kilima vipande vipande, udongo na majani yake pamoja, kama unavyokata bukari, ugali wetu, kwa kijiko. Wakavipakia kwenye lori la Tata Hamadi, wakavilaza juu ya Kilima Kipara ili viote tena. Misimu mitatu ya mvua imepita tangu hapo. Hiyo ndiyo bustani.

Sasa kamati iliyompa kilima ilikuwa inakuja Jumanne kukiangalia. Malaika alikaa kwenye baraza la Mama Ntumba, hata munkoyo hakuugusa.

"Mama Ntumba, niko na shida ya bantu."

"Bantu?" Mama Ntumba alicheka mpaka kiti kikalia. "Mwana yangu, unaniomba bantu sawa vile mutu anaomba chumvi kwa jirani. Unataka bangapi?"

"Hata bote. Bakubwa ba kamati banakuya mardi. Kuko mutu anataka kilima, apasue mawe, auzishe kokoto. Kamati ikiona mimea imeshika, kilima itabaki bustani. Ikiona haijashika, ni kokoto. Na mwaka jana Tata Kitenge, mukubwa wao, aliniuliza: hii bustani ni ya nani, mbona sioni hata mutu mumoja?"

"Ah! Alisema vile?"

"Alisema vile."

"Mardi ataona bantu mpaka achoke kubahesabu," Mama Ntumba akasema. "Wewe tulia."

Malaika alitulia, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Baba yake alikuwa anakwenda Tenke kuchukua shehena ya mwisho ya mimea, ya kilima kingine cha shaba, na Malaika alitaka kupanda naye, maana Tata Hamadi akiachwa peke yake anaendesha mimea kama anaendesha mawe. Wangerudi Jumamosi. Ufunguo wa geti la kilima akamwachia Mama Ntumba, kama mtu angetaka kuchungulia.

Mama Ntumba akaenda kuchungulia. Alimchukua Adèle, jirani wa ukuta kwa ukuta, mfuga kuku, mwanamke ambaye ukimwambia siri asubuhi unaikuta imekufika tena jioni ikiwa na nguo mpya. Ilikuwa Septemba, mwisho wa kiangazi. Kilima chote kilikuwa kijivu. Majani yamekauka, yamelala, yameshikana kama nywele za mtu aliyetoka hospitali, vikonyo vyeusi vimesimama humo na vichwa vyake vimenyauka.

Adèle akashika mdomo, akamwita kama dada mkubwa. "Yaya. Hapa njo bakubwa banakuya?"

"Hapa."

"Maskini mutoto. Mikono mbili tu, kilima kizima. Atafanya je?"

Mama Ntumba aliangalia huku, akaangalia kule. Alikwisha waalika watu pale. Kwa jina lake! "Kesho ni siku ya salongo," akasema. "Salongo ya kesho itakuwa hapa."

Mtu wa Kongo haelezwi salongo. Jumamosi asubuhi, kila mmoja anatoka na fagio, jembe, reki, anasafisha mbele ya nyumba yake na mtaro wake kabla ya kufungua biashara. Lakini salongo ya kumsaidia mtu asiyekuwapo, ya kumshtua akirudi, hiyo ina utamu wake. Avenyu nzima ilipanda. Wanawake walijipanga mstari mmoja kuanzia juu, viuno vimekazwa vitenge, wakaanza kushuka wakifagia na kuimba, na nyimbo zenyewe zilikuwa na maneno ambayo kanisani hayaimbwi. Wanaume walikuja nyuma na reki. Tata Tshimanga alipewa ndoo ya chokaa apake mawe ya pembeni mwa njia, akayapaka, akajipaka na yeye.

Na mtu wetu hatupi kitu kizuri. Yale majani yalikuwa mepesi, makavu, laini kama manyoya. Kiberiti kimoja tu na mbabula, jiko lako la mkaa, imeshika, makaa mekundu, huna haja ya kupepea. Kila mwanamke akajaza mfuko wake wa kupeleka nyumbani. Adèle alijaza gunia zima, la kuku wake waliokuwa wanataka kutaga.

Mchana kilima kilikuwa kama sahani iliyolambwa. Udongo mwekundu, safi, wenye mistari ya fagio kuanzia kileleni mpaka getini, na mawe meupe pembeni. Ungeweza kumwaga unga pale na kuuokota wote. Mama Ntumba alisimama, mikono kiunoni, akapumua. Kazi kama hiyo hakuwahi kuiona, na yeye ameona kazi.

Lori la kijani likapiga honi bondeni. Vigelegele! Geti likafunguliwa pande zote mbili. Malaika akashuka, na vigelegele vikaongezeka, halafu vikapungua kimoja kimoja, kwa sababu uso wa Malaika haukuwa uso wa mtu anayepigiwa vigelegele.

"Yarabi," Tata Hamadi akasema kutoka kwenye usukani.

"Majani iko wapi?" Malaika akauliza.

"Usiwaze, mwana yangu," wakajibu wengi kwa pamoja, "hakuna hata moja ilibaki!"

Malaika akakaa chini, pale pale njiani, juu ya jiwe lenye chokaa mbichi.

"Mama Ntumba," akasema, "ile mulikomba na mafagio, njo ile bakubwa walikuwa banakuya kuangalia."

"Ile takataka?"

"Ile. Ni yenyewe njo bustani."

"Lakini ilikuwa imekufa!" Adèle akasema.

"Ilikuwa imekauka, yaya. Inakaukaka kila mwaka. Mbegu zote zilikuwa ndani, kwenye vile vichwa vyeusi. Mvua ya kwanza ingeziangusha. Sasa mardi nitabaonyesha nini? Hii ya lori haijashika hata udongo. Mistari ya fagio?"

Tata Tshimanga akasogea mbele, na nyusi zake nyeupe za chokaa. "Si tununue maua? Pale kwa bauzaji ba maua kuko mazuri, mekundu, ya manjano. Tunapanda, tunamwagilia. Bakubwa banajua nini?"

"Tata, maua ya mjini hapa inaungua. Shaba inaichoma kabla ya wiki kuisha," Malaika akasema. "Na hata kama isingeungua, mi sitaki kubaonyesha uongo. Nikidanganya mara moja, kilima si yangu tena hata wakiniachia."

"Tshimanga, beba ndoo yako," Mama Ntumba akasema. Fagio lilikuwa bado mkononi mwake. Mtu mwingine angelificha nyuma ya kitenge. Yeye aliliegemeza kwenye ukuta wa geti polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akageuka. "Malaika, nisikilize. Hii majani haikwenda mbinguni. Iko ndani ya manyumba yetu. Mikono ilitoa, mikono itarudisha. Simama, unachafua sketi."

Jumapili tangazo likatoka kanisani baada ya misa, na Tata Hamadi akalitoa kwa wenzake baada ya swala ya adhuhuri: kila aliyebeba majani ya Kilima Kipara ayarudishe, kila jani, hata lililovunjika. Tangazo rahisi. Lingetosha mji wowote mwingine. Lakini hapa ni Kolwezi, ambapo watu wamechimba chini ya vitanda vyao kutafuta jiwe. Hapa ukimwona mwenye diploma analilia takataka, unajiuliza mambo mawili matatu.

Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imeshazunguka na kurudi. Majani yana kobalti. Malaika alilia kwa sababu kuna wageni wanayanunua. La, si kobalti, ni kitu kingine kipya, hata jina hakijapewa bado. Shemeji wa fulani amemsikia dereva wa fulani.

Na mifuko ikapotea. Mama Ntumba alipita nyumba kwa nyumba na Malaika nyuma yake.

"Majani gani, yaya? Si tuliwasha mbabula yote."

"Yote?"

"Yote, haki ya Mungu."

Na mfuko unachungulia nyuma ya pazia, umefungwa kamba mara mbili kama mzigo wa mtu anayekwenda Dilolo, kule mpakani.

Kwa Adèle walikuta mlango umefungwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu avenyu ipewe jina. Kuku walikuwa wanalalamika ndani. Ndani kabisa, chumbani.

"Adèle!"

"Mi niko mugonjwa!"

"Ugonjwa gani?"

Akafikiria. "Wa kichwa!"

Malaika alikata tamaa hapo, mbele ya ule mlango. "Iko na shaba kidogo, ni kweli," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Lakini hata ukichoma majani ya kilima kizima, hautapata ya kutengeneza sindano moja. Nitabaeleza je? Nikisema hakuna kitu, watasema anaficha."

"Usibaeleze," Mama Ntumba akasema. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu hilo wanaomjua wanaliogopa. "Wewe umesoma majani. Mi nimesoma bantu. Mutu wa hapa ukimuomba kitu, anaikumbatia. Ukimuambia ni tiketi, anaikimbiza mbele. Kesho sitaomba hata mutu mumoja. Kesho nitapika."

Na alipika. Jumatatu asubuhi masufuria makubwa ya harusi yalipanda kwenye lori la Tata Hamadi na kushushwa chini ya kilima, nje ya geti. Sombe ya majani ya muhogo na mafuta ya mawese, samaki tomsoni wa kukaanga, bukari ya kulisha kikosi, mapipa ya munkoyo. Moshi ukapanda ukaonekana mpaka barabarani. Habari ilitoka moja tu, fupi, na Mama Ntumba aliipeleka yeye mwenyewe kwenye bomba la maji ambapo wanawake wanasubiri zamu: leo kuna karamu Kilima Kipara, kila mtu amealikwa, na anayeingia anaingia na mfuko wake wa majani. Asiyekuja asije. Tutakuwa na muda wa kumzungumza.

Kuna watu wasioogopa polisi, na kuna wasioogopa wachawi. Ambaye haogopi kuzungumzwa kwenye karamu ambayo hayupo, huyo sijamwona.

Walianza kuja kabla sombe haijaiva. Mfuko mmoja, mifuko miwili, wengine wakisema wameupata nyuma ya nyumba, eti watoto walikuwa wameuficha. Hakuna aliyeulizwa swali. Tata Tshimanga alikaa getini anapokea, na kila mtu alimpa utani wake.

"Karibu, mwenye mugodi! Uliuzisha ngapi?"

"Tata Tshimanga, niache."

"Kobalti ilikuwa nzito? Ulibeba wewe mwenyewe, maskini, bila gari?"

Watu wakacheka, na wakisha kucheka tu, ile habari ya kobalti ikafa pale pale getini. Malaika akafungua mfuko wa kwanza, akachota majani, akafikicha kichwa kimoja cheusi kwenye kiganja. Mbegu zikatoka, ndogo kuliko chembe za pilipili. Akawaonyesha wote, kiganja kwa kiganja. "Hii. Si kurusha sawa vile mutu anamwaga taka. Ni kunyunyiza. Vidole vitatu, sawa chumvi kwenye sombe."

Hapo wanawake walielewa mara moja. Waliingia kilimani wakanyunyiza mpaka giza likaanza, na nusu ya kilima ilikuwa bado. Adèle alikuja wa mwisho, wakati masufuria yanakwanguliwa. Gunia lilikuwa mikononi, limefunguliwa mdomo, na juu ya majani amekaa kuku mwekundu, macho yamekaza, hataki mazungumzo.

"Anatamia," Adèle akasema bila kumwangalia mtu. "Nikimutoa atasusa mayai."

"Na kuku nayo ni mumea ya bustani?" Tata Hamadi akauliza.

"Tata Hamadi, mi nimeleta gunia. Gunia banasema, gunia njo hii."

"Kichwa imepona?" Mama Ntumba akamuuliza.

"Imepona kidogo."

"Kula, imebaki ya chini ya sufuria. Ile ya chini njo tamu."

Jumanne jua lilipotoka sote tulikuwa juu. Tulipiga magoti, maana kunyunyiza kwa kusimama upepo unaiba. Wanawake, wanaume, wasio na kazi, wenye kazi waliosema wanaumwa. Adèle alikuwa upande wa mashariki na gunia lake, amemhamishia kuku kwenye beseni. Ghafla akapiga yowe.

"Mama! Kuko kitu!"

"Nyoka?"

"Hapana, iko... iko na pua!"

Malaika alikimbia, halafu akasimama, halafu akaanza kutembea kwa vidole kama mtu aliyeingia chumba cha mtoto mchanga. Akalala kifudifudi kabisa. Pale kwenye udongo uliofagiwa, ncha ya zambarau ilikuwa imetoboa ardhi, urefu wa ukucha. Kando yake nyingine. Ukishaiona moja macho yanajifunza, na ukiinua kichwa unaziona mpaka kule kwenye mawe, mamia, kilima chote kimetoa pua.

"Vitunguu," Malaika akasema, na sasa ndipo alipolia. "Viko hai. Vyote viko hai. Kila mwaka moto wa pori unapitaka kwenye vilima, unachoma majani, halafu vinaamka mbele ya mvua. Mi hapa nilizuia moto miaka yote hii, niliogopa. Majani ikavifunika. Nilidhani vingi vilikufa njiani, kwenye lori."

"Kwa lori yangu?" Tata Hamadi akauliza.

"Fagio lilifanya kazi ya moto," Malaika akasema.

Tulimgeukia Mama Ntumba. Alikuwa amekwisha nyoosha mgongo, hujui kama amesikia au amelijua tangu juzi. "Bon," akasema. "Si niliwaambia usafi ni kitu ya maana?"

"Lakini moto haubebi mbegu kwa kuku, Mama Ntumba."

"Hiyo pia ni kweli."

Honi. Gari mbili nyeupe zilikuwa getini. Wakashuka watu wa kamati na makofia ya plastiki, mabuti mazito, na mbele yao Tata Kitenge, mtu mnene, suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. Aliona kwanza watu. Alisimama, akawaangalia wote wale walioko magotini kilima kizima, na nadhani alisahau alichokuwa amejiandaa kusema. Kisha akaona udongo.

"Mademoiselle Malaika. Mimea iko wapi?"

Malaika angeweza kuanza na pua za zambarau. Hakuanza nazo. Alimweleza yote: safari, salongo, mafagio, mbabula, kobalti, karamu, kuku. Hakuacha kitu, na hakumtaja mtu kwa ubaya. Mtu mmoja wa kamati aligeuka kuficha kicheko. Tata Kitenge hakucheka.

"Kwa hiyo kilima kimefagiwa," akasema. "Basi sina cha kuangalia. Siwezi kuandika kwamba nimeangalia udongo." Akainua buti lake kupanda njia.

"Tata! Mabuti!"

Sauti ya Mama Ntumba ilikuwa ile ya asubuhi, ile inayorudisha mbuzi wa jirani. Tata Kitenge akabaki na mguu mmoja hewani.

"Samahani, mama?"

"Viatu, tata. Hapa bantu banazaliwa. Tumeweka njia, kule, kwenye mawe meupe. Na hata kwenye njia, na ile mabuti ya kilo tano, hapana. Toa."

"Mama, mimi ni mkuu wa kamati."

"Na mi ni mwenye kukomba. Kwangu hata askofu alivua."

Hilo la askofu sisi tulilijua si kweli kabisa; alikuwa katekista. Lakini Tata Kitenge aliangalia zile sura, aliangalia watu wake, na labda mama yake naye alikuwa na fagio. Akaketi juu ya jiwe la chokaa, akafungua kamba. Soksi zake zilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Hakuna aliyesema neno, na kwa watu wetu hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko wimbo wa taifa.

Alipanda kwa soksi. Malaika alimpeleka kwenye pua ya kwanza, akamwambia ainame. Akainama. Akamwambia apige magoti. Akapiga magoti, na pasi ikaharibika. Malaika akachukua kijembe kidogo, akafukua kando ya kitunguu kimoja, polepole, mpaka ubavu wote ukaonekana kama keki iliyokatwa. Juu ulikuwa udongo mweusi kidogo, ule uliokuja na lori kutoka kwenye kilima kilichochimbwa. Chini yake ulikuwa udongo mwekundu wa Kilima Kipara na jiwe lenye kijani. Na mizizi ilikuwa imeshuka, myeupe, myembamba kama uzi, ikatoka kwenye udongo wa kuhamishwa, ikaingia kwenye udongo wa hapa, ikalikumbatia jiwe.

"Hiki si cha kupandwa tena," Malaika akasema. "Kimehamia. Sasa ni cha hapa."

Tata Kitenge akaugusa mzizi mmoja kwa kidole. Akaomba afukuliwe kingine, mbali, achague yeye. Akachagua kule mawe yanakoanza. Mizizi ilikuwa imeshuka vile vile. Akachagua cha tatu karibu na beseni la kuku, na kuku akamdonoa.

"Nani alileta huyu?"

"Ni wa bustani," Tata Hamadi akajibu.

Hapo mkuu wa kamati alicheka, na akicheka anatikisika mwili wote. Akasimama, magoti mekundu, akageukia watu wake. "Yule wa kokoto akatafute kilima kingine. Hiki kina wenyewe." Kisha akamwambia Malaika, kwa sauti ya chini lakini sisi masikio tunayo: "Mwaka jana nilikuuliza bustani ni ya nani. Nisamehe, sikujua ungeniletea jibu lote kwa mara moja."

"Tata, viatu yako iko huku," Mama Ntumba akamwita. "Na bukari ya leo iko ya moto. Shukia kwenye njia."

Mvua ya kwanza ilikuja Oktoba. Novemba Kilima Kipara kilikuwa cha zambarau, halafu cha manjano, na baadaye buluu ndogo ndogo zikafuata. Sasa Jumamosi arusi zinapanda kupiga picha, bibi arusi na wapambe wake wote, na getini kuna Mama Ntumba kwenye kiti chake, anapokea, anapanga, anauliza habari za familia ya bwana arusi kwa undani kuliko padri. Viatu vya visigino vinabaki kwake. Fagio ukija nalo, hata la kuegemea, anakurudisha nalo.

Lakini ukitaka kujua avenyu inazungumza nini hasa, si hilo. Nenda kwake asubuhi, kabla hajamsalimia mtu. Uani pamefagiwa kutoka mlango wa jikoni mpaka getini, mistari imenyooka, isipokuwa kipande kimoja karibu na ukuta wa Adèle, ukubwa wa mkeka, ambapo mfuko mmoja ulipasuka ile Jumamosi ya salongo, mbegu zikamwagika. Fagio likifika hapo linazunguka. Malaika amekwisha mwambia mara nyingi: "Mama, hapo haitaota. Udongo yako ni muzuri mno, hauna shaba."

"Acha ijaribu," Mama Ntumba anasema, na anaendelea kufagia.